Konrad Adenauer: Urithi wa Kimaadili
Konrad Adenauer (1876–1967), Chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi (1949–1963), aliondolewa na Wanazi kwenye umeya wa Cologne mwaka 1933. Mwaka 1952 alitia saini Mkataba wa Luxembourg wa kuilipa Israeli fidia ya maki bilioni 3. Wabunge wengi wa kambi yake hawakuuunga mkono. Ulipita kwa kura za SPD, chama cha upinzani. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli. Lakini kuanzia 1953 ofisi yake iliendeshwa na Hans Globke, mwanasheria aliyeshiriki kuandika ufafanuzi wa sheria za ubaguzi za Nuremberg za 1935. Adenauer alimkingia kifua hadi mwisho. Tayari sheria ya 1951 ilikuwa imewafungulia maelfu ya watumishi wa utawala wa Hitler njia ya kurudi kazini.