Nyangumi Katika Baraza: Habari za Kupangwa kwa Wanyama Wenye Uti wa Mgongo

Mwezi wa Desemba mwaka 1818, katika mji wa New York, wazee wa baraza waliketi kuamua neno moja: je, nyangumi ni samaki? Sheria mpya ya jimbo lile iliagiza mafuta ya samaki yakaguliwe, na mwenyewe amlipe mkaguzi ada yake. Samuel Judd, mfanyi biashara, alikuwa na mapipa matatu ya mafuta ya nyangumi, akakataa kulipa, maana alisema nyangumi si samaki. Basi mkaguzi, James Maurice, akamshitaki. Fedha yenyewe haikuwa nyingi, lakini shauri lile liliwavuta watu wengi, kwa kuwa ndani yake mlikuwamo swali lingine: ni nani mwenye haki ya kuvipa viumbe majina, mvuvi au mwanachuoni?

Jambo hili lilikuwa la kale. Aristotle, Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliwagawa wanyama mafungu mawili, wenye damu na wasio na damu. Na hao wenye damu karibu wote ndio tuwaitao leo wenye uti wa mgongo. Aliona kwamba pomboo huvuta pumzi na kunyonyesha watoto wake, kwa hiyo hakumweka pamoja na samaki. Lakini baada yake watu wengi walifuata makao na mwendo: aendaye majini ni samaki, arukaye ni ndege. Ndivyo tunavyomwona popo katika Mambo ya Walawi sura ya 11, akihesabiwa pamoja na ndege. Wala si ajabu, maana sura ile yahusu chakula, haihusu mifupa.

Hata Linnaeus wa Uswidi, alipotoa kitabu chake cha kupanga viumbe mwaka 1735, alimwacha nyangumi kati ya samaki. Katika chapa ya kumi, mwaka 1758, ndipo alipomwondoa. Akaangalia moyo, damu yenye joto, mapafu, na zaidi ya yote maziwa. Jina la zamani, wenye miguu minne, halikuweza tena kufaa, basi akatunga jina jipya kwa neno la Kilatini lenye maana ya titi, nasi twasema mamalia. Lakini tusidhani kwamba alipatia kila mahali. Chura, nyoka na mamba aliwatia katika kundi moja, akawaongeza papa na taa humo humo! Wafaransa ndio waliotengeneza: Lamarck aliwatenga wenye uti wa mgongo na wasio nao, Cuvier akawafanya mwaka 1812 kuwa tawi moja kati ya manne ya wanyama wote, na Latreille mwaka 1825 akamtenga chura na nyoka. Hivyo yakapatikana makundi matano yafundishwayo shuleni: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia.

Tuwarudie wazee wa baraza. Samuel Mitchill, mwanachuoni mashuhuri wa mji ule, alishuhudia kwamba nyangumi si samaki kabisa. Wazee wakatoka, wakarudi upesi, wakasema ni samaki. Judd akashindwa; ila mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, mafuta ya nyangumi yakaachwa nje yake. Wengi wamewacheka wazee wale. Mimi siwacheki, maana waliulizwa neno lina maana gani katika sheria, hawakuulizwa moyo wa nyangumi una vyumba vingapi. Hata lugha yetu ina mpango wake: kiboko na kifaru wana umbo la kitu, walakini twasema kiboko amekuja, wala si kimekuja, kwa sababu uhai umeshinda umbo la jina.

Mwaka 1950 Hennig, Mjerumani, alitoa kitabu kilichotaka makundi yafuate ukoo tu, yaani babu mmoja pamoja na wazao wake wote. Kwa hesabu hiyo mamba ni ndugu wa ndege kuliko wa mjusi. Nguva yu karibu na ndovu na pimbi. Na jamaa wa karibu wa nyangumi, katika wanyama wengine walio hai, ni kiboko. Tena yuko samaki yule wa kale aliyepatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938, na Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikwisha kumjua kwa jina la gombessa. Mwaka 2003 alinaswa hata Songo Mnara. Huyo kwa ukoo yu karibu nasi kuliko alivyo karibu na changu. Basi ikiwa gombessa ni samaki, na changu ni samaki, babu yao mmoja ndiye babu yetu pia, na ukoo wa samaki hauwezi kutimia bila chura, ndege, nyangumi na mtu. Kwa hiyo wenye elimu ya ukoo hawalihesabu tena neno samaki kuwa jina la jamaa moja. Na wale wanaolishika hawana budi kukiri kwamba wazee wa New York walisema kweli, ingawa kwa sababu wasiyoijua.