Njia ya Reli na Miguu ya Watu wa Arusha

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikuwa ndani ya daladala iendayo Tengeru, nikawasikia vijana wawili wakibishana. Mmoja alilalamika kwamba mtaani kwao ilianza kuchimbwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kokoto zikamwagwa, kisha mafundi wakatoweka. Mwenzake akamjibu kwamba mji huu haujapata kujengewa kitu kwa wakati tangu uumbwe. Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, maana yule kijana, pengine bila kujua, alikuwa anasoma historia.

Tuitazame reli ya Tanga. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Kampuni iliyopewa kazi ilifika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu kutoka pwani, na hapo fedha zikakauka. Mwaka 1899 ikabidi serikali ya Ujerumani iichukue. Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18! Ukigawanya utapata pungufu ya kilomita 20 kwa mwaka, mwendo ambao mama muuza ndizi kutoka kwenye miteremko ya Meru anaweza kuumaliza kwa siku moja, na mkungu kichwani.

Usije ukadhani enzi hizo reli zote zilijengwa kwa mwendo wa kinyonga. Waingereza walianza yao Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa 1901 walikuwa Kisumu, karibu kilomita 930. Wajerumani hao hao, walipoanza reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walifika Kigoma mwaka 1914, umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Kwa hiyo tusiwasingizie vibarua uvivu, wala milima ya Usambara ukorofi. Mwingereza alikuwa na haraka ya kuifikia Uganda na ziwa. Kaskazini mwetu hapakuwa na haraka ya namna hiyo; bunge la Berlin lilitoa fedha kipande kwa kipande, na kila kipande kilisubiri mkonge au kahawa ya mtu mwenye sauti. Reli hufika pale mzigo wa mkubwa unaposubiri. Mtu anayesubiri kwa miguu yake mwenyewe hahesabiwi kuwa ni mzigo.

Na sisi Arusha tulisubiri sana. Boma la Wajerumani lilikwisha kusimama hapa mwaka 1900, likijengwa kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya kushindwa vitani. Miaka michache baadaye wakaja Makaburu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakapewa ardhi upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Lakini reli ilikwama Moshi. Kati ya Moshi na Arusha palikuwa na kilomita zipatazo 86 na mito ya Weruweru, Kikafu na Sanya, ambayo wakati wa masika haikumhurumia ng'ombe wala dereva. Vita ya mwaka 1914 ikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia. Treni ilifika Arusha mwaka 1929. Hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji: miaka 18 baada ya kufika Moshi, miaka 36 baada ya jembe la kwanza kupigwa Tanga. Na ilipofika, mdororo wa uchumi wa dunia nao ukaingia, bei ya kahawa ikaanguka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuwamo katika mchoro wa mhandisi yeyote. Tangu siku ile reli ilikuwa barabara ya wasio na gari. Tuta lake limeinuka, halituami maji, halina matope ya kwetu yale mekundu yanayovua watu viatu. Mwelekeo wake umenyooka kuliko barabara yoyote. Mjomba wangu alifanya kazi General Tyre, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1971, na kila alfajiri alikwenda kutengeneza matairi kwa miguu, akifuata reli. Alikuwa akisema kwamba yeye na matairi wanajuana kazini tu. Wauza maziwa nao walipita kando ya reli na baiskeli zao, madumu yamefungwa kwa mipira ya ndani ya magurudumu, wakishuka kuzikokota pale kokoto zilipozidi.

Katika miaka ya 1990 treni ya abiria iliacha kuja Arusha. Baadaye hata ya mizigo ikatoweka. Magugu yakaota kati ya mataruma, lakini pembeni pakabaki ukanda mwembamba mgumu kama sakafu, uliopigwa na maelfu ya nyayo. Hakuna mkandarasi aliyelipwa kwa kazi ile, wala hakuna jiwe la msingi lililofunuliwa. Mimi nilikulia juu ya ukanda ule. Mama yangu aliufuata kwa zaidi ya miaka 20 hadi karibu na stesheni, kisha akapanda kwenda soko la Kilombero na kapu lake. Hakuwahi kupata hata mkwaruzo.

Mji huu, lazima niseme, una deni la pekee kwa miguu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, vijana kutoka pande nyingi za nchi waliliunga mkono kwa matembezi marefu, na Mwalimu mwenyewe akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Jina la Arusha likasambazwa nchini kwa nyayo. Tukajenga mnara wa Mwenge. Njia ya kutembelea hatukuikumbuka.

Oktoba 2020 treni ya abiria ilirejea Arusha, baada ya kufika Moshi mwishoni mwa mwaka 2019. Nilikwenda stesheni na kinasa sauti changu, na sitaki mtu anielewe vibaya: nilifurahi kama mtoto. Wazee walilia waliposikia honi. Lakini treni ikirudi, hifadhi ya reli hurudi kuwa hifadhi, na ni haki, kwa kuwa garimoshi halina usukani wa kumkwepa mtu. Ila ule ukanda wetu haukupewa mbadala. Mama akahamia kwenye barabara ya magari. Haikupita miezi mingi, bodaboda iliyokuwa ikikwepa shimo ikampanda pembeni alikokuwa akipita, akavunjika mkono wa kulia.

Yule kijana wa daladalani angeniambia kwamba mambo yanabadilika, na kwa kiasi fulani ni kweli. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, iliyowekewa jiwe la msingi na marais wetu wa Afrika Mashariki Machi 2016, ina nafasi ya waenda kwa miguu. Wazo lenyewe si geni pia: katika miaka ya 1990 Morogoro na Temeke ziliwahi kuwa na mradi wa majaribio wa njia za miguu na baiskeli. Ugonjwa wetu ni mpangilio wa kazi. Katika miradi niliyoitembelea kama mwandishi, lami ya magari hutangulia, mifereji hufuata, na njia ya miguu hungoja mwisho, wakati mvua zimeanza na fedha zimepungua. Hapo ndipo utakapoambiwa kwamba ujenzi umechelewa kwa sababu zisizozuilika. Kilomita nzima ya lami haisahauliwi hata siku moja.

Mkono wa mama ulipona, ingawa hauinui tena kapu lililojaa. Jumapili iliyopita nilimsindikiza kanisani. Tulipofika kwenye kivuko cha reli alisimama, akatazama kushoto na kulia, kisha akanionyesha kwa mkono ule ule mahali ambapo ukanda ulipita. Majani yamekwisha kuufunika. Aliniuliza kama wale wanaochimba mtaani kwa yule kijana wangeweza kuja na huku, nikamwambia kokoto zao bado ziko pale pale, hata huko hawajarudi.