Mionzi ya Gama: Jinsi Watu Walivyojua Inatoka Wapi

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya jambo lililotokea mbinguni, ambalo hakuna aliyelitazamia, na habari ya watu waliokaa miaka thelathini wakiuliza swali moja tu: Linatoka wapi?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nuru tunayoiona kwa macho ni sehemu ndogo tu ya mionzi iliyomo ulimwenguni. Iko mionzi ya redio, ambayo ndiyo inayowaletea sauti yangu sasa hivi. Iko mionzi ya eksirei, ambayo hospitali huitumia kupiga picha ya mifupa. Tena iko mionzi ya gama, yenye nguvu kuliko yote. Jicho haliioni. Hewa iliyoizunguka dunia huizuia isitufikie, nasi tushukuru, maana ingetudhuru. Kwa hiyo mtu akitaka kuipima mionzi ya gama itokayo mbinguni, hana budi kukipeleka chombo chake juu kupita hewa. Chombo cha namna hiyo, kinachorushwa kwa roketi kisha kikaizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo, tunakiita setilaiti.

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka 1963. Tarehe 5 Agosti mwaka huo, mjini Moscow, Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, chini ya maji na katika anga za juu. Lakini kutia sahihi ni jambo moja, na kuaminiana ni jambo jingine. Wamarekani walijiuliza: Je, wenzetu wakilipeleka bomu mbali sana, hata nyuma ya mwezi, wakalilipua huko, nani atajua? Basi wakatengeneza setilaiti za ulinzi wakaziita Vela, neno litokalo katika Kihispania, lenye maana ya kukesha. Zilirushwa mbilimbili, zikakaa pande mbili za dunia zinazoelekeana, juu zaidi ya kilometa 100,000. Mbili za kwanza zilipanda tarehe 17 Oktoba 1963. Bomu la nyuklia likilipuka hutoa mionzi ya gama, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikingojewa.

Tarehe 2 Julai 1967, saa kumi na moja na dakika 19 jioni kwa saa zetu za Afrika Mashariki, setilaiti za Vela ziliandika mmweko wa gama. Haukufanana na bomu. Mmweko wa bomu huja kwa ghafula, mara moja, kisha hufifia. Huu ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukadumu sekunde kadhaa. Siku ile hakuna aliyeutambua. Maandishi yaliwekwa tu pamoja na mengine. Ilikuwa mwaka 1969 ndipo Ray Klebesadel na Roy Olson, wafanyakazi wa maabara ya Los Alamos katika jimbo la New Mexico, walipoyapitia maandishi yale ya zamani wakauona.

Husimuliwa mara nyingi kwamba jeshi liliificha habari hii kwa miaka mingi. Mimi naona hadithi hiyo inapendeza kuliko ukweli wenyewe. Sababu kubwa ya kukawia ilikuwa ni saa. Saa za setilaiti za kwanza hazikuwa sahihi kiasi cha kutosha kuonyesha mmweko umetoka upande gani, na mtu asiyejua upande hawezi hata kusema kama ni jua lililotoa mmweko huo au ni kitu kingine. Walingojea setilaiti mpya, zilizorushwa mwaka 1969 na mwaka 1970.

Mtauliza, saa na upande vinahusianaje? Chukueni mfano wa wavuvi wawili, kila mmoja ndani ya mtumbwi wake, mmoja kaskazini na mwenzake kusini, na kati yao hatua mia. Likija wimbi likawainua wote wawili kwa wakati mmoja, wimbi hilo limetoka mashariki au magharibi sawasawa. Likimwinua kwanza yule wa kusini, limetoka upande wa kusini. Na kama wana saa nzuri, wakahesabu muda uliopita kati ya kuinuliwa wa kwanza na kuinuliwa wa pili, wataweza kujua hata pembe ambayo wimbi limejia. Hapa naomba mwalimu wa kikundi achore ubaoni mitumbwi miwili na wimbi linalokuja kwa mshazari.

Mionzi ya gama huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Toka Vela moja mpaka mwenzake wa upande wa pili ni zaidi kidogo ya kilometa 200,000. Kwa hiyo wimbi hili lilizipita setilaiti zote mbili kwa muda usiofika hata sekunde moja. Ndiyo maana saa mbaya haikufaa kitu. Setilaiti mbili hutoa duara moja mbinguni, na mmweko uko mahali fulani juu ya mstari wa duara hilo. Setilaiti ya tatu huleta duara la pili, na mahali maduara yanapokatana ndipo pa kutafuta.

Kwa njia hiyo Klebesadel, Olson na mwenzao Ian Strong walipata mimweko 16 iliyotokea kati ya Julai 1969 na Julai 1972. Hesabu zao zilionyesha kwamba haikutoka duniani, wala haikutoka kwenye jua. Waliitangaza habari hiyo mwezi Juni 1973. Chombo kilichowekwa kuwachungulia watu kilikuwa kimeona kitu ambacho si cha watu kabisa.

Baada ya hapo wataalamu walipiga bongo. Kila mmoja alikuja na dhana yake, na dhana zilikuwa nyingi kuliko mimweko. Shida ilikuwa ileile ya mahali. Mionzi ya gama haikusanywi kwa kioo, kwa sababu hukipenya kioo. Basi huwezi kuitengenezea darubini kama ile ya kutazamia nyota. Ilibidi kuendelea na hesabu za saa, lakini kwa mitumbwi iliyo mbali zaidi. Mwaka 1976 chombo Helios 2 kilipelekwa kulizunguka jua, na mwaka 1978 vyombo vya Marekani na vya Urusi vilikwenda kwenye sayari ya Zuhura vikiwa na vipimo vya gama. Sasa umbali ulikuwa wa mamilioni ya kilometa, na mahali pakaweza kujulikana vizuri zaidi. Tena Wamarekani na Warusi, ambao uadui wao ndio uliozaa Vela, wakawa wanalinganisha saa zao pamoja. Hata hivyo, kuzikusanya habari toka vyombo vyote hivyo kulichukua siku nyingi, na mmweko wenyewe huisha kwa sekunde. Ni kama kumwambia askari leo kwamba mwizi alipita hapa juma lililopita.

Tarehe 5 Aprili 1991 Wamarekani walipeleka angani chombo kikubwa cha tani 17 kiitwacho Compton. Kwenye pembe zake nane palifungwa vipimo vinane, kila kimoja kikitazama upande wake. Karibu kila siku kiliona mmweko mmoja, na mpaka kilipoangushwa baharini Juni 2000 kilikuwa kimehesabu 2,704. Mahali pa kila mmweko hakikupajua barabara, lakini wingi wake ulitosha kuonyesha jambo moja la ajabu.

Usiku usio na mawingu mmeuona ule ukanda mweupe unaokatiza mbingu. Huo ndio kundi letu la nyota, tukilitazama toka ndani, nalo ni bapa kama sahani. Mtu aliyeketi ufukweni akahesabu taa za ngalawa usiku ataziona upande wa bahari tu. Nchi kavu hakuna ngalawa. Vivyo hivyo, kama mimweko ingetoka kwenye nyota za kundi letu, ingeonekana zaidi kwenye ukanda ule. Haikuwa hivyo. Ilitoka pande zote za mbingu sawasawa.

Je, inatoka mbali sana, nje kabisa ya kundi letu? Au inatoka katika wingu la nyota zilizokufa linalolizunguka kundi letu pande zote? Tarehe 22 Aprili 1995 mabingwa wawili walishindana kwa maneno mbele ya watu mjini Washington. Bohdan Paczyński alisema ni mbali mno. Donald Lamb alisema ni karibu. Mkutano ulikwisha bila jibu, wala haikuwezekana kuwa vingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona hata mmweko mmoja umekaa karibu na kitu ambacho umbali wake unajulikana.

Jibu lilipitia pwani ya Kenya, na hapa naomba msikilize vizuri.

Waitaliano walikuwa na kituo chao cha roketi karibu na Malindi tangu miaka ya 1960. Toka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya kituo hicho ilirushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kutazama eksirei za mbinguni. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya ulimwengu mzima. Tarehe 30 Aprili 1996 Waitaliano, pamoja na Waholanzi, walirusha setilaiti nyingine toka Marekani, iitwayo BeppoSAX. Hii ilizunguka karibu sana na mstari wa ikweta, hata kila mzunguko, kiasi cha saa moja na nusu, ilipita juu ya Malindi. Kituo chake cha kupokelea habari kilikuwa hicho kimoja tu. Ilipopita, iliyateremsha yote iliyokusanya, nayo yakapelekwa Rumi mara moja.

BeppoSAX ilikuwa na kamera mbili za Waholanzi zilizotumia kivuli. Mmeona jinsi jua lipitalo katika matundu ya ukuta wa makuti linavyochora madoa sakafuni, na jua likisogea madoa nayo husogea. Kamera zile zilikuwa na bamba lenye matundu mengi. Kwa kuyatazama madoa ya eksirei, watu waliweza kujua zimetoka upande gani, kwa usahihi wa kama sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi mpevu.

Tarehe 28 Februari 1997, saa kumi na moja na dakika 58 alfajiri kwa saa zetu, mmweko ulipita mbele ya kamera moja. Rumi walikuwa tayari. Baada ya saa nane hivi setilaiti ilikuwa imegeuzwa, na darubini zake za eksirei zikatazama mahali palepale. Palikuwa na kitu kinawaka. Siku tatu baadaye kilikuwa kimefifia sana. Kuni zikiisha kuwaka makaa hubaki na moto. Mmweko wa gama nao ulikuwa na makaa yake! Usiku uleule kikundi cha Jan van Paradijs wa Amsterdam kilipata picha ya mahali hapo kwa darubini kubwa iliyoko kisiwa cha La Palma. Tarehe 8 Machi walipiga picha nyingine, wakazilinganisha. Katika ya kwanza palikuwa na nukta ya nuru; katika ya pili haipo.

Tarehe 8 Mei mwaka huohuo BeppoSAX ilinasa mmweko mwingine, na safari hii darubini ya Keck iliyoko Hawaii iliichunguza nuru ya makaa. Nuru ikipita katika gesi hupata alama, na alama hizo husogea upande wa wekundu kadiri kitu kilivyo mbali. Ilionekana kwamba nuru ile ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka milioni elfu sita kabla ya kutufikia. Paczyński alikuwa amesema kweli. Kitu kinachoonekana toka mbali namna hiyo hutoa kwa sekunde chache nguvu kadiri ya ile ambayo jua letu litatoa kwa maisha yake yote.

Ni kitu gani? Mmweko wa tarehe 29 Machi 2003 ulionyesha katika makaa yake nyota kubwa inayolipuka kwa kufa. Ndivyo ilivyo mimweko mingi mirefu. Kuhusu ile mifupi, jibu lilikuja tarehe 17 Agosti 2017. Vipimo vya mawimbi ya mvutano vilivyoko Marekani na Italia vilihisi nyota mbili zilizokufa zikigongana, na kama sekunde mbili baadaye setilaiti Fermi ikaona mmweko mfupi. Kabla ya saa kumi na mbili kupita, darubini moja nchini Chile ilikuwa imeipata nukta yenyewe.

Kabla ya hapo, tarehe 20 Novemba 2004, Wamarekani walikuwa wamerusha Swift, setilaiti inayojigeuza yenyewe bila kungoja amri ya mtu, nayo huweza kuelekea kwenye mmweko kabla ya dakika mbili kwisha. Bamba lake la kivuli lilikuwa na vipande vya risasi zaidi ya 50,000. Tarehe 23 Aprili 2009 Swift ilinasa mmweko ambao nuru yake ilikuwa imesafiri miaka kama milioni elfu kumi na tatu. Ilipoanza safari, jua halikuwapo, wala dunia. Na kituo kilichochaguliwa kuzipokea habari za setilaiti hiyo kilikuwa kilekile cha Malindi.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaendelea na habari za jukwaa la Malindi na watu waliolijenga. Kwaherini.