Bei ya Jasho

Mtu akifika Mji Mkongwe wa Unguja akauliza Hamamni, ataelekezwa kwenye mtaa uliopata jina lake kutokana na nyumba moja ya kuogea. Nyumba hiyo aliijengesha Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na mjenzi wake aliitwa Haji Gulamhussein. Mlikuwa na vyumba vya maji baridi, vyumba vya maji ya moto, na sakafu iliyopashwa joto kutoka chini. Raia wa kawaida aliweza kulipa akaingia, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1920. Kabla ya hapo, mwaka 1850, baba yake Barghash, Seyyid Said, alikuwa amejenga hamamu nyingine shambani Kidichi kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi.

Wageni huinua macho kutazama kuba. Mimi niliyezaliwa Mahege, Kibiti, niliinamisha macho nikaanza kufikiria kuni. Joto la namna ile lilitaka moto usiozimika, na moto ulitaka watu. Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873 kwa kubanwa na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Kwa hiyo tajiri aliyetoka pale akiwa mwepesi, ngozi inang'aa, alikuwa ametoa ada ya mlangoni tu. Sehemu kubwa ya bei ilikuwa imelipwa na migongo ya wengine.

Na siwezi kuzungumzia Mji Mkongwe nisikumbuke kwetu, maana dari za nyumba zile zimeshikwa na boriti za mikoko, na nyingi katika boriti hizo zilipakiwa majahazini katika delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Mikoko yetu imefunika zaidi ya hekta 50,000, nayo imekuwa ikigombewa siku zote. Wajerumani waliiweka chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1898. Serikali yetu ikapiga marufuku ukataji wake mwaka 1987, kisha mwaka 1991 ukaja mpango wa kuitunza na kuivuna kwa utaratibu.

Sisi hatukuwa na hamamu. Tulikuwa na nyungu. Nyungu kwa asili ni chungu tu, lakini ukisikia fulani anapigwa nyungu ujue anafukizwa. Bibi yangu alichemsha majani ya mwarobaini, mlimau, mpera na mchaichai. Mgonjwa aliketi juu ya kigoda, chungu mbele yake, akafunikwa blanketi zito mpaka chini. Moto ulipaswa kuwa mkali, na hakuna kuni aliyoisifu bibi kama mkandaa, ambao ni jamii ya mikoko. Ndugu waliotoka delta walipomletea vipande viwili vitatu aliviweka kando kama mtu awekavyo sukari ya wageni. Kazi yake haikuishia kwenye kuchemsha. Alikaa nje ya blanketi muda wote, na kila baada ya kitambo aliuliza, "Bado upo?" Usipojibu haraka alilifunua blanketi hapo hapo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini, nyungu ilitoka uani ikaingia katika hotuba za Rais John Magufuli. Wapo waliopata nafuu ya pua na kifua, jambo ambalo bibi angewaambia bila kupanda jukwaani. Lakini hakuna ushahidi kwamba mvuke uliua virusi ndani ya mwili, na mvuke wa moto kiasi hicho ungeanza kwanza kuunguza koo.

Haya yote yalinijia kwa sababu ya mpwa wangu anayefanya kazi Maskati. Alinipelekea picha ya kibanda cha mbao alichonunua, kina mlango wa kioo na taa nyekundu ndani. "Mjomba," akaandika, "hii ni sauna ya infraredi. Nataka kumletea mama kingine kwa ajili ya magoti. Umeme utamgharimu kiasi gani, na je, kinasaidia kweli?" Nilicheka kwanza, maana kwetu mwezi wa Februari mtu hutoka jasho akiwa amekaa kivulini anasuka ukili. Baadaye niliona swali lake ni la haki.

Miale ya infraredi iligunduliwa na mwanafalaki William Herschel mwaka 1800. Aliweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya mwanga uliogawanywa, mahali ambapo jicho halioni kitu, akakuta joto linapanda. Katika miaka ya 1890 huko Marekani, daktari John Harvey Kellogg, ambaye jina la ukoo wake tunalisoma kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi, aliwaketisha wagonjwa ndani ya makabati yenye taa za umeme. Kibanda cha mpwa wangu ni mjukuu wa kabati lile. Sauna ya Kifini hupasha hewa hadi nyuzi 80 au 100, wakati hiki hupasha ngozi moja kwa moja, na hewa hubaki nyuzi 45 hadi 60. Wauzaji husema miale hupenya mpaka ndani ya mifupa. Ile inayotumika sana katika vibanda hivi huishia kwenye ngozi ya juu, na damu ndiyo inayosambaza joto.

Faida zipo, ila ni za kiasi. Huko Kagoshima, Japani, Dakta Chuwa Tei alianza mwaka 1989 kuwatibu wagonjwa wa moyo kwa joto la nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha wakalazwa wamefunikwa blanketi kwa dakika 30. Utafiti mkubwa wa Finland uliotolewa mwaka 2015, uliofuatilia wanaume 2,315, unatajwa sana katika matangazo, lakini ulihusu sauna ya Kifini. Kuhusu viungo, Waholanzi walijaribu infraredi mwaka 2009 kwa wagonjwa 34 wa baridi yabisi na wa uti wa mgongo. Maumivu na ukakamavu vilipungua wakiwa ndani, lakini nafuu ya kudumu haikuthibitika. Na hili la kutoa sumu kwa jasho ni porojo za dukani. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Sasa fedha. Kibanda cha mtu mmoja cha kilowati 1.6, kikiwashwa dakika 45 kwa siku, kitakula uniti 36 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 iliyopangwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 10,512. Watu wengi huishia hapo. Lakini dada yangu yumo katika kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti. Hutumia 50, yaani shilingi 5,000. Akiongeza 36 anafika 86, na akiendelea hivyo atahamishiwa kundi la 292, taa na friji vikiwemo. Bili itakuwa 25,112. Jasho lake, basi, litamgharimu 20,112 kila mwezi, karibu mara mbili ya hesabu ya kwanza.

Umeme wenyewe siku hizi una asili ya karibu nasi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Aprili mwaka huo mto ulifurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama, na watu wakabishana kama bwawa liliyapunguza mafuriko au liliyaongeza. Aliyepoteza mpunga wake hayumo katika zile uniti 36.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Joto hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, na mtu akisimama ghafla huanguka. Dada yangu anameza vidonge vya presha, na tangu watoto waondoke analala peke yake. Kagoshima mgonjwa yuko hospitalini, chini ya uangalizi. Mahege atakuwa na mlango wa kioo. Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu ile 20,112, na chini yake nikaongeza mstari: mshahara wa mtu wa kukaa nje. Mstari huo hajaujibu. Dada yangu yeye, nilipomweleza habari yote, alitaka kwanza kujua kama kibanda hicho kinafaa kukaushia kamba wakati wa masika.