Umeme Upitao Juu ya Mapaa

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Bulyanhulu huona minara ya chuma iliyobeba nyaya nene, ikivuka mashamba na mbuga. Kwa nguvu za nyaya hizo mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Lakini nyumba nyingi zilizo kando yake zilibaki na vibatari. Watu wakauliza: Je, tumedharauliwa? Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, mfano wa kimo cha tangi kisukumacho maji bombani. Mkondo wa umeme huutia waya joto, na joto hilo ni hasara. Volti zikizidishwa mara mbili, mkondo uchukuao nguvu ile ile hupungua nusu, na hasara huwa robo tu. Basi kwa safari ndefu hapana budi kupandisha volti.

Mathalani, kituo cha Kidatu katika mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kazi mwaka 1975, hutoa umeme wa volti kama 10,500. Transfoma huupandisha hata volti 220,000, nao husafiri kwa njia ya Iringa, Dodoma na Singida hata Shinyanga, na kutoka huko hata Bulyanhulu. Mwaka 2016 ilikamilika njia ya pili kutoka Iringa hata Shinyanga, kilometa 670, iliyojengwa kwa volti 400,000. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000 mbali na njia hiyo, ulikaa miaka mingi ukijitengenezea umeme kwa mafuta ya dizeli.

Lakini taa ya nyumbani yataka volti 230 tu. Kwanza kituo kikubwa hushusha umeme hata volti 33,000. Kisha transfoma ndogo ya kijijini huushusha tena. Ngazi hizo haziwezi kurukwa, na ausogeleaye waya mkubwa aweza kufa.

Kwa hiyo waya kupita juu yetu si dharau. Walakini ngazi za chini hujengwa kwa fedha na nia ya watu. Mgodi uliweza kulipa, ukapata mapema; Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Basi kijiji kitakacho taa kisidai waya wa mnarani, kidai transfoma.