Uainishaji wa vitu (elimu ya chekechea)

Shughuli ambayo mtoto hupewa mchanganyiko wa vitu avitenge kwa rangi, umbo, ukubwa au matumizi. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unaiweka katika hisabati ya miaka 2 ya elimu ya awali.

Kwa mfano, huko Lugulu, kaunti ya Bungoma, vifaa havihitaji duka: mahindi, maharagwe, vifuniko vya chupa.

Ugumu huja kigezo kinapobadilika. Aliyetenga vifuniko kwa rangi akiambiwa atenge kwa ukubwa, hana budi kuvunja mafungu yake na kufikiri upya. Hapo ndipo utatuzi wa matatizo hujengwa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona watoto wadogo wakiyumba baina ya vigezo. Mwalimu asikimbilie kusahihisha, aulize sababu. Na punje azichunge, zisiingie puani.