Kutoka kwa Tarishi hadi kwa Shahidi: Chimbuko la Usimbaji wa Ufunguo wa Umma, 1970–1991

Kabla ya miaka ya 1970, usimbaji ulikuwa na sharti moja: mwandishi na mpokeaji wawe na ufunguo uleule wa siri kabla ya ujumbe kutumwa. Majeshi na balozi zilikuwa na matarishi wa kubeba funguo hizo. Watu wasiofahamiana hawakuwa nao. Insha hii inadai kwamba mchango mkuu wa ufunguo wa umma haukuwa kuficha ujumbe, bali kuwawezesha watu wasiofahamiana kuthibitisha kauli zao.

Uvumbuzi huu ulitokea mara mbili. Nchini Uingereza, katika shirika la kijasusi la GCHQ, James Ellis alibuni wazo hilo mwaka 1970, na Clifford Cocks akalipatia hisabati yake mwaka 1973. Shida yao ilikuwa ugumu wa kusambaza funguo, na kazi yao ilibaki siri hadi mwaka 1997. Nchini Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha makala yao mwaka 1976. Pamoja na usiri, wao waliuliza pia: biashara ikihamia kwenye kompyuta, mkataba utatiwaje saini?

Mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman wa MIT walitoa jibu. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi. Kuzitambua kutokana na zao lake ni vigumu mno. Azijuaye hufungua kilichofungwa kwa ufunguo wake wa umma. Vilevile huweza kutia saini ambayo yeyote anaweza kuihakiki, ila si kuighushi.

Hata hivyo, saini hiyo ilizaa swali jipya: ufunguo huu ni wa nani? Hisabati huthibitisha ufunguo, si jina. Mlaghai akitangaza ufunguo wake kwa jina la mwingine, atasoma barua zisizo zake. Mwaka 1978, Loren Kohnfelder alipendekeza cheti kinachounganisha jina na ufunguo, kikiwa kimetiwa saini na mamlaka inayoaminika. Baada ya Phil Zimmermann kutoa programu ya PGP mwaka 1991, watumiaji wake walizoea kutiliana saini funguo zao, kila mmoja akimshuhudia anayemfahamu.

Hivyo basi, haja ya kuaminiana haikuondolewa. Ilihama kutoka kwa tarishi aliyebeba siri hadi kwa shahidi anayelitambua jina. Na ushahidi huo hauwezi kuzalishwa na hisabati peke yake.